Cheni ya Gadi Mihambo

Cheni isiyolegea haikuvaliwa. Ndivyo alivyojibiwa yule dereva mgeni pale kijiweni, aliyekuwa akijisifu kwamba tangu ashike usukani hajawahi kukwaruza gari hata mara moja. Mlicheka kwa sababu wakubwa walicheka, kisha mkaja kuniuliza ni cheni gani hiyo, na nani hakuivaa. Mmefanya vizuri kuuliza. Wengi wanaisema methali hii bila kujua kwamba ilizaliwa hapa hapa Tabora, na kwamba aliyeitamka kwanza alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alifundisha kinyume chake. Kisa chenyewe ni hiki.

Palikuwa na fundi saa akiitwa Kondo, Mzaramo aliyeletwa na treni akiwa kijana na asirudi tena kwao. Meza yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, karibu na soko. Juu ya meza palikuwa na kisanduku cha kioo, na ndani yake koleo ndogo, bisibisi nyembamba kama miiba, na kikombe cha petroli cha kuoshea vyuma. Jichoni alibana lenzi nyeusi, na alikuwa na tabia ya kuongea na watu bila kuitoa, hata mtu akajiona kama yeye ndiye anayekaguliwa na si saa yake.

Mafundi saa walikuwa watatu mjini, lakini kwa habari ya cheni, ule mkanda wa chuma wa saa ya mkononi, alikuwa mmoja tu. Siku zile saa za zamani za chuma zilipatikana kwa wingi. Wastaafu waliziuza, wajane waliziuza, na wachuuzi walizikusanya na kuzitundika sokoni. Hakuna mtu mwenye akili aliyenunua saa kama hiyo kabla Kondo hajailaza.

Kuilaza ilikuwa hivi. Aliishika saa kwenye kichwa chake, pale penye mishale, kwa vidole viwili, akaigeuza ubavu, akaiacha cheni ijitokeze hewani bila kushikwa. Cheni iliyo nzima ilisimama imenyooka kama rula. Cheni iliyochoka iliinama kama suke la mtama lililoiva. Wachuuzi walipenda kuzitundika saa zao kwenye misumari, kwa maana cheni ikining'inia hujinyoosha yenyewe, na hata mbovu hupendeza. Kondo hakuitazama saa iliyo msumarini. "Hata mtu ukimning'iniza atanyooka," alisema. "Ishushe, nione ubavu."

Uso wa cheni nao haukumshughulisha. Uso husuguliwa kwa dawa ya meno ukang'aa. Yeye alitazama matundu ambamo pini hupita kuziunganisha pingili. Tundu likiwa bado duara, sawa. Likiwa limekuwa kama yai, vumbi na jasho vimekwisha lila, na pini inacheza ndani yake kama jino la mzee. Mwisho alihesabu pingili, kwa kuwa mchuuzi mjanja huondoa moja au mbili ili cheni iliyorefuka irudi kwenye urefu wake wa zamani.

"Saa yenyewe nitaitengeneza," aliwaambia wanunuzi. "Cheni ikichoka, imechoka. Ikilala, usinunue."

Maneno hayo ya mwisho yakawa kama wimbo mjini. Watoto waliyasema wakichezea minyororo ya baiskeli. Kondo aliyasikia, akafurahi, ingawa hakuonyesha.

Sasa, katika mtaa wa Ng'ambo alikuwapo mjane aitwaye Bi Nyamizi. Mumewe, Mihambo, alikuwa gadi wa treni. Mnajua kazi ya gadi wa zamani? Dereva alikaa mbele kwenye injini, gadi alikaa nyuma kabisa, kwenye behewa la mwisho, na kazi yake ilikuwa kuitazama treni nzima ubavuni, asubuhi mpaka jioni, bendera mkononi. Magadi waliotimiza miaka kumi walipewa saa ya chuma, zote za namna moja, na mgongoni zimechorwa injini ndogo. Mihambo aliivaa yake miaka ishirini na saba. Alipoanza kuugua, mkono ukakonda, saa ikawa inadondoka. Akaiuza mwenyewe kwa mchuuzi mmoja, Hemedi Kalunde, akasema dawa ina faida kuliko kujua saa ngapi. Miaka mitatu baadaye akafa.

Matanga yalipokwisha na mwaka ukapita, ikafika siku ya kumrithisha mwanawe mkubwa, Haruna. Katika ukoo ule mrithi hakabidhiwi maneno matupu. Lazima apewe kitu kimoja kilichokaa mwilini mwa marehemu siku zote. Mwindaji aliacha upinde wake, mkulima aliacha jembe. Mihambo hakuwa mwindaji wala mkulima. Kitu chake kilikuwa saa, na saa haikuwapo.

Bila kitu hakuna urithi. Na bila urithi, nyumba na shamba vingebaki chini ya mkono wa mdogo wake marehemu, Mzee Sizya, mpaka mavuno ya mwaka mwingine. Sizya hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa mtu wa kuulizwa. Tangu kifo cha kaka yake, Bi Nyamizi aliomba ruhusa kuuza debe la karanga, akaomba ruhusa kukata mti uani, na jiko lake lilivuja masika yote kwa sababu Mzee Sizya alikuwa bado anafikiria habari ya kuliezeka. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, aliyeendesha nyumba peke yake mumewe akiwa njiani kwenda Kigoma, alikuwa anaomba ruhusa kuhusu jiko.

Basi Jumatano akaenda kwa Kondo. "Fundi, shughuli yetu ni Jumapili. Nimekwenda kwa Kalunde kuulizia saa ya baba Haruna. Anasema ipo katika masanduku yake, ataitafuta. Nimemwambia ailete kwako. Wewe ndiye unayejua."

"Ikija nitaijua, mama Haruna," Kondo akasema. "Njoo Ijumaa."

Alhamisi Kalunde akaja na saa mbili ndani ya kitambaa. Zilikuwa sawa kama mapacha. Uso mweupe, tarakimu nyeusi, na injini ndogo mgongoni.

"Moja ya Mihambo, moja ya gadi mwingine," akasema. "Nilizipata mwaka mmoja. Ukiniua sijui ipi ya nani."

"Hukuandika?"

"Niandike nini? Mimi nanunua chuma, fundi, sinunui majina. Hii haiendi, ndiyo maana haikupata mtu. Na hii inakwenda vizuri, lakini cheni yake umekwisha wakataza watu wa Tabora nzima. Nani atainunua?"

Kondo akailaza ya kwanza. Cheni ikasimama imenyooka, kama imetoka kiwandani jana. Akailaza ya pili. Ikaanguka mpaka ncha yake ikagusa kifundo cha mkono wake.

"Mpe mama wa watu iliyosimama," Kalunde akasema. "Bei ni ile ile. Mimi namheshimu marehemu."

Kondo akabaki peke yake na zile saa mbili, akafikiri. Alimkumbuka Mihambo akipita sokoni, sare imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, viatu vinang'aa, kofia imekaa sawa. Mtu kama yule hawezi kuacha cheni ikalegea namna hii. Akaamua iliyosimama ndiyo ya Mihambo, ile nyingine ni ya mlevi fulani.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa la kifundi hasa. Mtu asiyejua saa angeuliza. Yeye alijua, kwa hiyo hakuuliza.

Akaifungua iliyosimama. Ndani mafuta yalikuwa yameganda kama gundi, na springi kubwa imekatika. Mafuta aliyaosha. Springi ya kubadilisha hakuwa nayo, lakini ilikuwapo pale pale mezani, ndani ya saa iliyolegea, nzima na inakwenda. Mafundi wana neno lao kwa kazi hiyo. Wanaiita kuchinja. Saa moja inachinjwa ili nyingine ipone. Kalunde hangekataa, alijua ile iliyolegea hataiuza kamwe.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Kondo aliibana ile iliyolegea kwenye jiliwa yake ndogo ya kubania vyuma, akachukua sindano na nyundo, akaigonga pini ya kwanza ikatoka, ili cheni isimzuie kuifungua saa. Cheni ikakatika vipande viwili. Alikuwa anatafuta kisu cha kufungulia mgongo wa saa Bi Nyamizi alipofika.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama Haruna. Umewahi. Nakamilisha kidogo tu, lakini yako hii hapa, iangalie." Akamkabidhi ile iliyosimama.

Bi Nyamizi aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaitazama ile injini ya mgongoni, akaitikisa karibu na sikio. Akaitikisa tena.

"Haiendi bado," Kondo akasema. "Springi yake naitia sasa hivi."

"Sisikilizi springi," mama akasema. "Mbona cheni haina kelele?"

"Kelele ya nini?"

"Ya mume wangu ilikuwa inalia kama njuga. Alikuwa akinawa mikono inalia, akimega ugali inalia. Nikiwa jikoni nikiisikia uani najua amefika, nasonga ugali mwingine. Hii ni bubu."

Kondo akacheka kidogo. "Mama, inayolia ni cheni iliyolegea. Mumeo alikuwa mtu nadhifu. Hii ndiyo ya mtu nadhifu, tazama ilivyosimama."

"Nadhifu ni mimi," Bi Nyamizi akasema. "Pasi nilipiga mimi, viatu nilipiga rangi mimi. Yeye alivaa tu, akaenda. Saa hakuivua hata kuoga. Nilimwambia itaota mizizi."

Fundi akaitazama tena ile cheni iliyosimama.

"Kalunde alileta moja tu?" mama akauliza.

"Alileta mbili. Ya pili ndiyo hii. Imelegea, haifai, naichinja nipate springi ya kuitia hiyo yako."

Bi Nyamizi akatazama jiliwa, akaona vile vipande. "Unaichinja kwa kuwa imelegea."

"Ndiyo."

"Mimi nimezaa watoto sita, fundi, nimelegea kuliko hiyo. Utanichinja lini?"

Mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akacheka mpaka akaingia ndani. Kondo hakucheka. Alikilegeza kile chombo, akavitoa vile vipande viwili, akampa.

Bi Nyamizi hakuvilaza wala hakuvihesabu. Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa cheni, upande mmoja, kisha upande wa pili. Akarudi upande wa kwanza, akasimama hapo.

"Hapa ni bapa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Upande wa huku pingili zina mviringo. Upande huu zimekuwa bapa, kama zimepitishwa tupa."

Kondo akaichukua, akaiweka chini ya lenzi. Alikuwa ameitazama cheni ile jana, akayaona matundu yamekuwa mayai, hiyo ikamtosha. Ukingo hakuutazama. Sasa aliutazama pingili kwa pingili. Upande mmoja ulikuwa umelika wote, kutoka kichwani hadi kwenye kifungo, sawasawa, kama kisu kilichonolewa kwa miaka. Tupa haiachi alama kama ile. Ni kitu kigumu kilichosugua polepole, siku nyingi, mahali pale pale.

"Mumeo alivaa mkono gani?"

"Wa kushoto. Na mkono huo ulikuwa na sugu hapa." Akajishika upande wa kidole kidogo, chini kidogo ya mfupa wa kifundo. "Ngumu kama kisigino. Alikuwa akinikwaruza nayo usiku. Nikamuuliza ni ya nini, akasema ni ya dirisha."

"Dirisha gani?"

"La behewa lake. Hakukuwa na kioo, palikuwa na ukingo wa chuma. Alilaza mkono hapo akachungulia treni. Kutoka hapa mpaka Kigoma, na kurudi."

Kondo akatoa lenzi jichoni. Waliomjua wanasema hawakuwahi kumwona akiongea na mteja bila lenzi. Aliichukua ile saa iliyosimama, akakumbuka mafuta yaliyoganda kama gundi. Ule ni ugonjwa wa saa inayolala sandukuni. Saa inayotembea haigandi mafuta. Nani alikuwa mwenye saa hiyo hakuna aliyejua, lakini mtu huyo aliitunza kwa kuiogopa, akaivaa siku mbili tatu za sikukuu, akairudisha ndani ya pamba. Jana ushahidi huo wote ulikuwa mbele yake, naye aliusoma kinyume.

"Miaka thelathini na mbili nafanya kazi hii," akasema. "Leo nimeuchinja mkono wa mtu."

"Hujauchinja, umeukata kidogo," mama akasema. "Ushone."

"Nikutilie pini mpya zote? Nitaziba na matundu. Itasimama kama ile."

Bi Nyamizi akafikiri. Jua lilikuwa limefika kwenye baraza, na Kondo akamsogezea kigoda, lakini hakukaa.

"Ikaze isikatike," akasema mwishoni. "Lakini isinyamaze."

Kondo akaelewa. Akatia pini mpya mbili tu, moja badala ya ile aliyoitoa, na moja badala ya nyingine iliyobaki nyembamba kama uzi. Zilizobaki akaziacha kama zilivyoachwa na dirisha la chuma.

Jumapili ukoo ukakusanyika Ng'ambo. Mikeka ikatandikwa uani, wazee mbele, wanawake upande wa jiko lile lililovuja. Kondo naye alikuwapo. Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi, na katika shughuli kama ile mtani hualikwa ili aseme yale wenyewe wanayoona haya kuyasema. Yeye, hata hivyo, siku hiyo hakuwa na hamu ya utani. Alijua kitakachotokea, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyekipanda.

Haruna akakalishwa kwenye kigoda, shati jeupe, mikono magotini. Mzee Sizya akapewa kile kitambaa, akakifungua. Akaitoa saa, akaitazama uso, akaitazama mgongo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kama ambavyo mwanamume yeyote wa Tabora angefanya, akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza ubavu.

Cheni ikaanguka.

Watu wakaiona. Mzee mmoja akaguna. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini wote wakasikia, "Ikilala, usinunue," na wenzake wakacheka.

Mzee Sizya hakucheka. "Fundi Kondo," akasema, "simama, mtani wangu. Umekula karanga zetu miaka thelathini, umetufundishia watoto wimbo mmoja tu. Sasa hii haikulala tu, imelala mpaka inakoroma. Kalunde ameniambia alikuletea mbili. Nzima umemwekea nani? Umekwenda nayo kwenu Uzaramo?"

"Nzima ipo mezani kwangu."

"Basi tumrithishe mtoto saa mbovu, nzima ikae mezani kwako. Mimi siwezi kumvika mwana wa kaka yangu kitu ambacho wewe mwenyewe ungekitupa. Tuahirishe. Tukutane baada ya mavuno, kitu kikiwa kimepatikana."

Upande wa wanawake, Bi Nyamizi aliinamisha kichwa. Mwanamke hakuruhusiwa kusema katika shughuli ile mpaka kitu kimekabidhiwa, na alilolijua lilikuwa kinywani mwa mtu mmoja tu, Mzaramo mwenye lenzi.

Mnaelewa Kondo alikuwa na nini cha kupoteza. Angeweza kukaa kimya. Angesema mzee amenena kweli, jina lake likabaki juu, na wimbo wake ukaendelea kuimbwa. Au aseme mbele ya mji mzima kwamba kile alichowafundisha kinaweza kumpotosha mtu, na kwamba kilimpotosha yeye kwanza.

"Mzee Sizya," akasema, "ni kweli niliwafundisha. Lakini niliwafundisha kununua. Mnunuzi anatafuta saa itakayomtumikia yeye, za nyuma hazimhusu. Hapa leo nani mnunuzi?"

Akawatazama wazee mmoja mmoja.

"Mimi mwenyewe nilikosea. Alhamisi niliilaza hii, nikasema si ya Mihambo, Mihambo alikuwa mtu safi. Ijumaa nikaikata, nataka kuichinja. Mama huyu amenikuta na nyundo mkononi. Kama angechelewa kunywa chai, leo ungemvika mtoto saa nzuri kabisa, imenyooka kama mkuki, na mngenipigia makofi. Mngekuwa mmemrithisha sanduku la mtu mwingine."

"Umejuaje?" Sizya akauliza.

"Pitisha ukucha ukingoni. Huko, upande wa chini."

Mzee akapitisha ukucha. Akaurudisha. Akaisogeza saa karibu na macho, kisha akaishusha.

"Uliwahi kupanda behewa la kaka yako?" Kondo akamuuliza.

"Mara moja. Tulikwenda Uvinza kumzika mjomba."

"Alikaa vipi?"

Mzee Sizya akapitisha ukucha tena. "Hakukaa," akasema. "Alisimama dirishani, mkono ameulaza kwenye chuma, tangu Urambo. Treni inaruka, mkono unasuguka. Nikamwambia, kaka, keti, mkono utakatika. Akasema treni haitazamwi umeketi."

"Ndiyo hiyo uliyoishika. Miaka ishirini na saba ya dirisha. Ungeniletea cheni ya gadi iliyosimama wima, ningekuuliza huyu gadi alifanya kazi lini. Cheni isiyolegea haikuvaliwa, Mzee Sizya. Haikuvaliwa."

Yule kijana wa nyuma aliyecheka akaona watu wamegeuka kumtazama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mzee Sizya akaishika tena ile saa kwa vidole viwili. Wakadhani ataitundika, au ataifunga kitambaani. Akailaza ubavu mara ya pili, mbele ya wote, akaiacha cheni ianguke, akaizungusha polepole toka kulia hadi kushoto ili kila mzee aone ilivyoanguka. Kisha akamwendea Haruna, akamshika mkono wa kushoto, akamvika.

"Pokea mkono wa baba yako," akasema. "Nyumba ni yako na shamba ni lako. Na mama yako asiniulize tena habari ya jiko, nimechoka nalo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Saa ikamteremkia Haruna mpaka kwenye vifundo vya vidole, naye akaisukuma juu kwa mkono wa pili bila kufikiri, na Bi Nyamizi alipouona msukumo ule, ule ule wa baba yake, ndipo akalia.

Kondo aliendelea na kazi yake miaka mingine kumi na moja. Cheni aliendelea kuzilaza, na zilizoinama aliendelea kuwakataza wanunuzi, kwa kuwa kanuni yake ilikuwa sahihi kwa kazi yake. Ila aliongeza swali. Mtu akileta saa, kabla hajaigusa alimuuliza, "Unanunua, au unatafuta?" Wa kununua alimlazia ubavu. Wa kutafuta alimpa kigoda, akamwambia amsimulie mwenye saa alikuwa mtu wa namna gani.

Maneno aliyoyasema uani siku ile hayakubaki uani. Wanawake waliyabeba kwanza, wakawajibu nayo waume waliowacheka maumbo. Wapagazi wa stesheni wakayasema juu ya migongo yao. Mwalimu mzee aliyedharauliwa na walimu wageni kwa kusahau majina aliyasema mara moja tu, hakuhitaji kuyarudia. Leo mtu akijitapa kwamba hajawahi kuanguka, hajawahi kukosea, hana hata kovu moja, hatumwambii kuwa ni mwongo. Pengine anasema kweli. Tunamuuliza tu amefanya nini na siku zake, na kama hana jibu, tunamkumbusha kilichosemwa Ng'ambo mbele ya wazee: cheni isiyolegea haikuvaliwa.